Je, Mjusi Anayefugwa Anajua Siku za Mwanamke?

Kuna mambo ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini tu. Habari za damu ya wanawake ni mojawapo. Kwa kuwa hazisemwi wazi, uvumi hukua upesi, na mwanamke huchukua aibu isiyo yake. Leo tutasema wazi juu ya jambo moja la namna hii. Mwanzoni utaliona kuwa dogo na la kigeni, lakini linagusa afya ya nyumba yako pia.

Swali ni hili. Mnyama mwenye kutambaa, kama mjusi, nyoka au kobe, akifugwa nyumbani, je, anatambua kwamba mwili wa mwanamke anayemlisha umebadilika? Anajua siku zake za mwezi? Anajua kama ana mimba? Na akimwuma mama huyo, je, damu yake ndiyo yenye kosa?

Usicheke swali hili. Katika Marekani na Ulaya watu wengi hufuga wanyama wenye kutambaa ndani ya nyumba, kama sisi tunavyofuga kuku na mbuzi. Ndugu zetu wengine wa Kongo wanaishi huko sasa, na watoto wao wanawaona wanyama hao kwa majirani na shuleni. Hapa kwetu pia, mtoto akiokota kobe porini humleta nyumbani acheze naye. Basi ni vizuri kujua lililo kweli.

MJUSI HUYU NI NANI?

Mjusi anayetajwa sana katika habari hizi anaitwa iguana wa kijani. Kwao ni Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, tangu Mexico hata Brazil. Wewe unayekaa karibu na ziwa au mto unamjua kenge. Iguana ni mkubwa kama kenge: dume aliyekomaa anaweza kupita mita 1 na nusu, toka pua hata ncha ya mkia. Lakini chakula chao si kimoja. Kenge hula nyama, samaki na mayai. Iguana hula majani, maua na matunda.

Katika miaka ya 1990 iguana waliingizwa Marekani kwa mamia ya maelfu ili wauzwe kwa watu wa kufuga. Mtoto alinunuliwa mjusi mdogo wa kijani, mzuri wa kutazama. Miaka michache ikapita, na mjusi yule akawa mnyama mwenye kucha ndefu, mkia wa kupiga kama fimbo, na meno mengi makali kama ya msumeno. Mara nyingi dume aliyekuwa mpole toka utoto wake alibadilika akawa mkali, hata akamrukia mtu aliyempa chakula kila siku.

Wenye kufuga wakapeleka habari hizi kwa waganga wa wanyama. Mwaka 1991 munganga wa wanyama wa Marekani, Fredric Frye, pamoja na wenzake, waliandika juu ya iguana madume waliowashambulia wanawake waliowafuga. Wanawake wengine wakasema, “Mimi niliumwa katika siku zangu za mwezi.” Maneno yakaenea. Watu wengi wakakata shauri kwamba mjusi hunusa damu ya mwanamke au hormoni zake, na ya kuwa ndiyo sababu ya ukali wake.

Je, ni kweli? Tusikate shauri upesi. Kwanza tuelewe mambo mawili: hormoni ni kitu gani, na mjusi hunusa namna gani.

HORMONI NI KITU GANI?

Jina hili lilitolewa mwaka 1905 na Ernest Starling, mtaalamu wa Uingereza. Katika mwili wako mna viungo vidogo viitwavyo tezi. Tezi hutengeneza maji yenye nguvu na kuyatia katika damu. Damu huyachukua mpaka mahali pengine pa mwili, kama mjumbe anavyochukua barua. Barua hiyo ndiyo hormoni. Inaambia kiungo, “Anza kazi,” au, “Pumzika.”

Katika mwili wa mwanamke hormoni mbili kubwa ni estrojeni na projesteroni. Zinapanda na kushuka kwa mpango. Kwa wanawake wengi mpango huo unarudia kila siku 21 hata siku 35. Tumbo la uzazi hujitayarisha kumpokea mtoto kwa kutandika ndani yake kitanda laini chenye damu. Mtoto asipotungwa, kitanda kile hakihitajiwi tena, nacho kinatoka. Damu hutoka siku 2 hata siku 7. Hiyo ndiyo hedhi. Si ugonjwa, si uchafu wa moyo, wala si laana. Ni kazi ya mwili wenye afya.

Mwanamume naye ana hormoni zake. Iliyo kubwa inaitwa testosteroni. Sasa shika neno hili vizuri, maana tutalirudia: mjusi dume naye ana testosteroni, ile ile.

MJUSI HUNUSA NAMNA GANI?

Umekwisha kuona nyoka akitoa ulimi na kuurudisha, kuutoa na kuurudisha. Watu wengine hudhani ule ulimi ndio wa kuumia. Sivyo. Ulimi wa nyoka hauna sumu. Ni chombo cha kukusanya harufu. Unaokota vitu vidogo sana vilivyo hewani na chini, visivyoonekana kwa macho, na kuvipeleka juu ya kinywa. Huko mna kiungo cha pekee cha kupokea harufu, ambacho kinaitwa kwa jina la Ludwig Jacobson, munganga wa Denmark aliyekieleza mwanzo wa miaka ya 1800. Kenge hutumia ulimi wake vivyo hivyo. Iguana pia hugusagusa vitu kwa ulimi apate kuvijua.

Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, Gordon Burghardt, alieleza namna alivyowapima nyoka wadogo waliozaliwa tu, wasiokula kitu bado. Alichukua vijiti vyenye pamba. Pamba nyingine alizichovya katika maji yenye harufu ya mnyama ambaye nyoka wa namna ile huwala, kama minyoo ya udongo. Pamba nyingine alizichovya katika maji matupu. Nyoka walitoa ulimi mara nyingi mbele ya harufu ya chakula, hata wakaiuma pamba. Mbele ya maji matupu hawakufanya hivyo.

Tazama, mtaalamu huyu hakutosheka na kusema, “Nilimwona nyoka akiuma.” Aliweka kitu cha kulinganisha, yaani maji matupu. Bila kulinganisha hatuwezi kujua sababu.

Basi kunusa wanaweza, na vizuri kuliko sisi. Ukibadili sabuni, ukishika kuku halafu ukamshika nyoka, ukiwa na jasho la kazi, mnyama anaweza kutambua harufu mpya mkononi mwako. Kwa hiyo hatuwezi kusema haiwezekani kabisa mjusi atambue harufu ya mwanamke ikiwa imebadilika. Lakini kutambua harufu ni jambo moja, na kujua maana yake ni jambo jingine. Na kukasirika kwa ajili ya harufu hiyo ni jambo la tatu. Hilo la tatu halijathibitishwa.

TAZAMA KALENDA

Sasa turudi kwa yule dume. Mara moja kwa mwaka, wakati wa kupandana, testosteroni yake inapanda. Ngozi ya madume wengi hugeuka kuwa ya rangi ya chungwa. Hutikisa kichwa juu na chini. Hula kidogo. Chini ya mapaja yake mna matundu yanayotoa kitu kama nta, naye huyasugua juu ya vitu ili kuacha harufu yake, kana kwamba anasema, “Hapa ni pangu.” Humkamata jike kwa meno penye shingo. Dume mwingine akikaribia, anapigana naye.

Huko porini mwanga wa jua, joto, mvua na kiangazi ndivyo vinavyomletea majira hayo. Ndani ya nyumba ni taa na joto la chumba. Dume aliyefungwa nyumbani hana jike, wala hana mahali pa kwenda. Ukali wake wote hugeukia kilicho karibu: mkono, mguu, nguo, au uso wa mtu.

Majira hayo huweza kudumu mwezi mzima au kupita. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe. Mwanamke huona siku zake kila majuma manne hivi. Basi katika kila majira ya mjusi, lazima siku zake zitaangukia ndani yake, labda mara mbili. Akiumwa siku hizo, atasema, “Ni kwa sababu ya damu.” Akiumwa siku nyingine, atasahau upesi, au atasema, “Leo mjusi ana njaa.” Hivi ndivyo uvumi unavyopata nguvu. Tunashika lile linalolingana na mawazo yetu, na kuliacha lisilolingana.

Tena, kama damu ya mwanamke ingekuwa sababu, mjusi angemwuma mwezi kwa mwezi, mara 12 au 13 kwa mwaka. Lakini majira yakipita dume hutulia. Mama yule yule anamlisha, akiwa na siku zile zile za mwezi, naye mjusi anakula majani yake kwa amani.

Kuna jambo jingine la kutazama. Anayeumwa mara nyingi ni yule anayetia mkono katika tundu mara nyingi. Kama mama ndiye anayelisha na kufagia, mkono wake ndio ulio karibu na meno.

Basi jibu letu ni hili: zitazame kwanza hormoni za mjusi kabla ya kuzilaumu hormoni za mama. Mtu anayetaka kuhakikisha katika nyumba yake, achukue daftari. Aandike kila siku, si siku ya kuumwa tu: rangi ya mjusi, kama amekula, kama ametikisa kichwa, nani alitia mkono, na siku za mwezi za mama. Baada ya mwaka mmoja daftari litasema vizuri kuliko midomo ya majirani.

UVUMI KAMA HUU ULISHAPIMWA KWA DUBU

Dubu ni mnyama mkubwa wa nchi za baridi, mwenye nywele nyingi na kucha za kutisha. Mwezi wa Agosti 1967, katika mbuga ya Glacier huko Montana, Marekani, dubu waliwaua wasichana wawili usiku mmoja, mahali pawili mbalimbali. Watu wakaanza kuulizana kama ni kwa sababu ya damu ya mwezi. Wanawake wakashauriwa wasiende katika misitu ile wakati wa siku zao.

Mwaka 1991 wataalamu walitangaza matokeo ya kipimo. Waliwawekea dubu weusi pamba zilizotumiwa na wanawake wakati wa hedhi, wakakaa wakiwatazama. Karibu dubu wote hawakuzijali. Kwa dubu weupe wa nchi za barafu, ambao huwinda kwa kufuata harufu ya wanyama wa baharini, kipimo cha miaka ya 1980 kilionyesha kwamba walizifuata pamba za namna hiyo. Unaona? Kila mnyama ana tabia yake, na hatuwezi kuijua kwa kubahatisha. Lazima kupima. Lakini kwa miaka mingi wanawake walikuwa wamekwisha kubeba lawama, kabla ya mtu yeyote kupima.

NA SISI JE?

Huenda hapa kwetu pia umesikia mtu akisema, “Nyoka alimwuma yule mama kwa sababu alikwenda shambani katika siku zake.” Ndugu, usiseme hivyo. Nyoka mwenye sumu huuma ili kujilinda. Anakanyagwa katika majani. Anaguswa na mkono unaookota kuni au unaochuma sombe. Mama huumwa kwa kuwa yuko shambani tangu asubuhi, miguu bila viatu, akiwatafutia watoto chakula. Hiyo ndiyo sababu.

Aibu ni hatari hapa. Mwanamke akiogopa kuulizwa habari za siku zake, anaweza kulificha jeraha mpaka usiku, na sumu haingoji. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Linahesabu kwamba watu 81,000 hata 138,000 hufa kila mwaka katika dunia yote kwa sababu hiyo. Mtu akiumwa, mlaze, mtulize, mvue pete na bangili, asitembee wala asitikise kiungo kilichoumwa. Mpelekeni upesi hospitali kwa kumbeba. Msikate jeraha. Msilinyonye. Msifunge kamba ya kukaza. Msiweke jiwe jeusi, wala msipoteze saa kulitafuta. Haliondoi sumu.

HATARI YA KWELI NI MIKROBE

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kila mwenye kufuga kobe au mjusi lazima alijue. Wanyama wenye kutambaa huchukua katika matumbo yao mikrobe iitwayo salmonela. Wenyewe hawaugui. Mikrobe inatoka katika mavi yao, inakaa juu ya ngozi na gamba, na katika maji wanamooga. Mtoto anamshika kobe, kisha anatia vidole kinywani. Baada ya saa 6 hata siku 6 anaanza kuhara, kuwa na homa na kuumwa tumbo. Katika Marekani watoto wengi waliugua hivi, mpaka serikali ya huko ikakataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijafika sentimita 10.

Watu wengi wenye nguvu hupona baada ya siku 4 hata 7. Lakini mikrobe hii ni kali kwa wengine: watoto wachanga, wazee, wenye virusi vya ukimwi, na watoto wenye ugonjwa wa damu wa SS, maana kwao inaweza kuingia hata katika mifupa. Ni hatari kwa mama mwenye mimba pia, na inaweza kumfikia mtoto wake. Mama, usihangaike kujiuliza kama kobe wako amejua kwamba una mimba. Jiulize kama umenawa mikono.

MASHAURI

1. Kila mtu aliyemshika kobe, mjusi, kinyonga au nyoka, anawe mikono kwa sabuni na maji mara moja. Mkubwa amsimamie mtoto anaponawa.

2. Mnyama asiingie jikoni, wala asitembee mahali pa kulia chakula. Chombo chake kisioshwe pamoja na sahani, wala katika beseni la kuogeshea mtoto.

3. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mama mwenye mimba au mtu mwenye SS, ni vizuri isifuge mnyama mwenye kutambaa.

4. Ukifuga dume la iguana, ujifunze dalili za majira yake. Ukiziona, usimkaribishe usoni pako, na watoto wasimguse. Vaa mikono mirefu na glavu ngumu unapomlisha.

5. Ukiumwa na mjusi au kobe, osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi kwa dakika 15. Bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Kisha uende hospitali, maana utahitaji kutazamwa, na pengine kupigwa sindano ya pepopunda. Usitie mavi ya ng’ombe, majivu wala mafuta ya taa.

6. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyonyeshe bila kuacha. Akiwa na homa kali, akitoa damu katika choo, au akilegea, usingoje. Mlete.

7. Wanaume, sikilizeni. Mke wako au binti yako akiumwa na mnyama, usianze kwa kuuliza, “Ulikuwa katika siku zako?” Uliza, “Umeumwa wapi?” Kisha lete maji na sabuni.

Wasichana wenye umri wa kuanza hedhi wanasikia mengi njiani na kisimani. Mama, mwambie binti yako mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine: damu yake haiwaiti wanyama, haiharibu shamba, wala haimfanyi kuwa mtu wa kuogopwa. Akiwa na maumivu makali, au damu ikizidi siku 7, aje kwetu. Mwuguzi atamsikiliza peke yake, bila watu wengine, naye hatamwaibisha.